Anasoma vizuri, lakini daftari hulisukuma: nifanyeje?

SWALI: Binti yangu ana miaka 4 na nusu. Alianza kusoma bila kufundishwa, na tukiwa ndani ya daladala hunisomea vibao vya maduka njia nzima. Lakini akipewa daftari ajaze ukurasa wa herufi "a", huandika tatu, kisha hulisukuma na kulia. Nimlazimishe au nisubiri?

JIBU: Mama, usimlazimishe, na wala usikae tu ukisubiri. Akili ya mwanao imeutangulia mkono wake. Katika umri huo mifupa midogo 8 ya kifundo cha mkono bado inakomaa na vidole huchoka upesi. Tena mtoto anayesoma kibao kizima haoni kwa nini arudie "a" ukurasa mzima. Anachohitaji ni sababu ya kuandika, na sababu hiyo huipata mchezoni.

Jaribu mchezo wa duka. Panga makopo matupu, nyanya mbili na vipande vya karatasi, kisha uwe mteja anayekopa: "Muuzaji, niandikie deni langu nisije nikasahau." Huenda akaandika UGA akimaanisha unga, na DIZI akimaanisha ndizi. Tafadhali usimsahihishe hapo hapo. Anaandika anachokisikia, na ile sauti ya puani inayotangulia "g" au "d" ni fupi mno, imezama katika sauti inayoifuata, hivyo hata mtoto mwenye sikio kali huikosa. Soma deni kama alivyolikusudia, ulipe, na kesho yake umletee orodha yako iliyoandikwa sawasawa, aisome yeye kama muuzaji. Mtoto mmoja niliyemfundisha aliisoma orodha ya namna hiyo, akanyamaza kidogo, kisha akalirudia karatasi lake la jana na kuichomeka N ndogo kati ya U na G. Hakuna aliyemwambia. Herufi zilizogeuka, kama "b" na "d", nazo ni za kawaida katika umri huu.

Mkono nao upewe kazi yake: kukanda unga wa chapati, kuchambua mchele, kutunga shanga. Mpe chaki au penseli fupi, kwa sababu kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, humlazimu atumie ncha za vidole. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, katika shule aliyoifungua Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi zilizokatwa kutoka karatasi ya msasa wazipapase kwa kidole kabla ya kushika kalamu. Nyumbani, mchanga uliogandishwa kwa gundi juu ya boksi unatosha.

Jambo ninalokusihi zaidi ni hadithi zake. Mtoto wa aina hii husimulia hadithi ndefu kuliko anavyoweza kuandika, na akiambiwa aiandike mwenyewe huifupisha mpaka ibaki sentensi moja. Yeye asimulie, wewe uandike maneno yake bila kuyarekebisha, ukimwachia nafasi ya neno moja tu alijaze, labda jina la sungura. Akichoka, funga karatasi. Kesho ataomba mwenyewe nafasi ya pili.