Obama kabla ya Washington

Umeuliza iwapo Barack Obama aliwahi kushika wadhifa wa kuchaguliwa kabla ya kuingia Seneti ya Marekani. Ndiyo: kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, akiwakilisha eneo la kusini mwa Chicago, huku akiendelea kufundisha sheria ya katiba chuo kikuu.

Miaka yake sita ya mwanzo ilikuwa migumu, kwa sababu chama chake cha Democratic kilikuwa na viti vichache katika seneti hiyo, na mwaka 2000 Bobby Rush, mbunge aliyekuwa akikitetea kiti chake, alimshinda vibaya katika kura ya mchujo ya kuwania ubunge wa taifa. Mambo yalibadilika chama kilipopata wingi wa viti mwaka 2003. Mwaka huohuo ilipita sheria aliyoisimamia, inayowataka polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Aliijadili kwa subira na polisi na waendesha mashtaka walioipinga mwanzoni, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora kabisa ya ngazi ya jimbo, kwani iliwalinda watu waliokuwa wakilazimishwa kukiri.