Walinzi wa kampuni yangu wameiba mali ya mteja: je, nadaiwa mbele ya Allah?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Namiliki kampuni ya ulinzi. Walinzi wangu wawili wa zamu ya usiku walifungua ghala la mteja kwa funguo walizokabidhiwa, wakahamisha mali. Mmoja amekamatwa, mwenzake hajulikani alipo. Mkataba una kifungu kwamba kampuni haiwajibiki kwa kitendo chochote cha mlinzi. Wakili ananipa moyo kwa kesi ya Uingereza ya mwaka 1980: mlinzi aliwasha moto ulioteketeza kiwanda alichokuwa akikilinda, na mahakama ya juu kabisa ikaiondolea kampuni yake deni kwa kifungu cha aina hiyo. Nami najiambia Qur'ani imesema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Lakini usingizi hauji. Je, nadaiwa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, huko kukosa usingizi ni rehema ya Mola wako. Usikubali mtu akakutuliza kabla hujajua ukweli wa deni hilo.

Aya uliyoitaja ni ya dhambi. Dhambi ya wizi iko shingoni mwa walioiba, wewe huna sehemu ikiwa hukushiriki wala hukujua. Lakini dhamana ya mali, yaani wajibu wa kuifidia, ni mlango mwingine. Mafaqihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wamesema aliyelala akigeuka na kuvunja chombo cha mtu, hana dhambi, lakini analipa. Kwa hiyo usijifiche nyuma ya aya hiyo.

Ni kweli kwamba wanazuoni wengi wanaona aliyeaminiwa mali halipi isipokuwa akivuka mipaka au akizembea. Wangeingia wezi kutoka nje, walinzi wako wakiwa macho na wakapambana nao wakashindwa, nisingekutoza kitu. Hapa mkono uliolinda ndio ulioiba. Mteja hakuwajua vijana hao wala hakuwachagua. Alikujua wewe, akakulipa wewe, na funguo zilifika mikononi mwao kwa kuwa wamevaa sare yako. Wapo wanaosema deni ni la mwizi peke yake, na hoja yao naiheshimu. Ninayoiona kuwa karibu zaidi na haki ni kwamba khiyana ya mlinzi ndani ya kazi uliyomtuma ni kuvunjika kwa ahadi yako mwenyewe, na Allah amesema: "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba." Imepokewa kwamba Ali bin Abi Talib (Allah amridhie) aliwatoza mafundi mali za watu zilizopotea mikononi mwao, akasema watu hawatengenekewi ila kwa hivyo. Abu Yusuf na Muhammad, wanafunzi wa Abu Hanifa, nao walimtoza fundi anayewafanyia kazi watu wengi, ila kwa janga lisilozuilika. Hekima yao naiona wazi: mteja hana njia ya kujua yanayotendeka usiku.

Ama kifungu, Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) amesema Waislamu wako kwenye masharti yao, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Kujitoa katika wizi wa watu wa nje ni sharti linalokubalika. Kupokea malipo ya ulinzi kisha kusema "mlinzi wangu akikuibia, shauri yako" ni kula mali ya mtu bila badali. Na mwambie wakili wako akisome upya kifungu cha kesi ile: kiliiacha nje ya kinga hali ambayo kampuni ingeweza kukiona kitendo kabla na kukizuia kwa uangalifu.

Hapo jiulize. Uliwachunguza kabla ya kuwaajiri? Msimamizi alipita usiku? Mishahara yao ililipwa kwa wakati? Nauliza hili la mwisho kwa uchungu, kwa sababu tumeamrishwa kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka, na wapo wanaomkabidhi mtu mali ya wengine huku yeye mwenyewe wanamdai subira miezi. Njaa haihalalishi wizi, lakini ukizembea katika haya, deni lako halina hata khilafu ya wanazuoni.

Nenda kwa mteja, mkubaliane thamani, umlipe. Ukiwa huna, mwombe muda. Qur'ani imeamrisha mwenye dhiki asubiriwe. Kisha una haki ya kuwadai walioiba, yule aliyekamatwa na yule aliyetoroka, kila senti uliyolipa kwa ajili yao. Adhabu yao waachie mahakama.

Jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kulinyamazia. Baadhi ya wenye kampuni hufidia hasara kwa kukata mishahara ya walinzi wote wa lindo lile, hata waliokuwa nyumbani wamelala. Usifanye hivyo. Wao ndio aya yako inawahusu: mbebaji habebi mzigo wa mwingine.

Wallahu aalam.