Makochi yamepanda kwa kamba, sasa sina pa kuweka magoti

*Shangazi, shikamoo. Mwaka jana niliolewa, nikahama Tabata, Dar es Salaam, nikaja Unguja. Tunakaa Mji Mkongwe, kwenye nyumba aliyoiacha bibi yake mume wangu. Vyumba ni virefu na vyembamba kama korido, kuta zimepinda, chokaa inadondokea nguo. Makochi niliyonunua hayakupita kwenye ngazi, yakapandishwa kwa kamba dirishani, na sasa tukikaa magoti yanagusa televisheni. Nataka dari ya jipsamu, marumaru na rangi ya mafuta inayopigwa deki. Mume wangu hataki nipige hata msumari. Chumba kizuri kuliko vyote kina kitanda cha bibi, hakilaliwi. Wenzangu wa kazini wanataka kuja kunitembelea, naona haya. Nifanyeje?*
*Mke wa Chumba Chembamba*

Marahaba mwanangu. Nisamehe, nimecheka kwanza. Hayo makochi yakining'inia juu ya kichochoro nimeyaona kama vile siku hiyo nilikuwa nimekaa barazani na kahawa yangu.

Sasa tusemezane. Inua macho utazame juu. Ile miti ni boriti, mikoko iliyokatwa baharini, na kwa kawaida hutandikwa kwenye kuta zilizoachana mita mbili na nusu, tatu hivi. Ndiyo maana fundi wa zamani aliongeza urefu wa chumba, upana hakuugusa. Na waliokaa humo walikaa chini, migongo ukutani, miguu wameikunja, katikati pakabaki njia ya mtu na sinia lake. Kochi lenye mikono minene kama mito ya mgonjwa lilishonwa kwa sebule ya Tabata. Liuze. Ukiwa na uchungu nalo, uza yale mawili makubwa ubaki na kiti kimoja.

Jipsamu usiitie. Boriti zina adui wawili, maji na mchwa, na wote unawajua kwa kutazama juu: doa jeusi pale bafu la ghorofani linapovuja, unga unaoanguka sakafuni. Ukishaziziba, utapata habari siku dari itakapokushukia. Marumaru za ghorofani nazo ni mzigo juu ya miti ambayo tayari imebeba mawe na chokaa. Tena nyumba yako imo ndani ya eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kazi za namna hiyo zinaombewa ruhusa Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwa hiyo usije ukamwita fundi Ijumaa mchana mume akiwa msikitini.

Na rangi ya mafuta, hilo nalijua kwa ngozi yangu. Nilipokuwa bibi harusi nilipaka chumba changu kijani kinachong'aa, nikajiona mimi ndiye mimi. Masika yalipokwisha ukuta ukafura malengelenge kama chapati kwenye chuma. Ukilibonyeza moja, linatoka unga wa chumvi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiuvisha mafuta au saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unabandua kila kitu. Nilikwangua wiki tatu, na mama mkwe akipita mlangoni bila kusema neno. Afadhali angesema.

Kwa hiyo kinachodondoka kisugue kwa brashi kavu, kisha paka chokaa iliyolowekwa vizuri, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke. Vaa glavu, chokaa inaunguza. Ukitaka rangi, changanya ya unga kidogo, manjano au waridi iliyofifia. Pale migongo inapoegemea, tundika mkeka mzuri ukutani, nguo za wageni zitasalimika. Chini tandika busati, magodoro membamba upande mmoja tu, na takia. Televisheni ipeleke chumba kingine, au iwe ndogo.

Halafu zidaka, zile nafasi ndogo za kuwekea vitu zilizoachwa ndani ya ukuta. Hukuzitaja kabisa barua nzima, na mimi naapa zimo, labda umezijaza chaja na dawa za mafua. Zitoe zote. Weka chetezo kimoja, bakuli moja la kaure, mrashi wa kunyunyizia marashi ukiupata, nyingine acha tupu. Magharibi washa taa ndogo ndani ya kidaka kimoja, uzime ile ndefu nyeupe ya juu. Utaona kuta zilizopinda zinavyoshika mwanga, hapa kivuli, pale dhahabu. Ukuta ulionyooka hauwezi mchezo huo.

Mpaka hapo mumeo ameshinda, lakini asishangilie. Nyumba ya kukaa watu hawezi kuigeuza makumbusho, na wewe ukawa mlinzi wake. Nadhani huyo kijana hajamaliza kumlilia bibi yake. Usimwambie hivyo, atakasirika. Siku akiwa ametulia, muulize: bibi alikuwa analala kichwa upande gani? Kasha lake lilikuwa wapi? Nani alikuwa anakaa karibu na dirisha? Mwache aseme, hata akirudia. Akimaliza, ndiyo umwambie kwamba wewe unataka kulala kwenye kile kitanda, na yeye.

Maana kitanda cha besera, kile cha nguzo nne, kimefanywa kirefu kwenda juu kusudi. Uvunguni mwake yataingia masanduku yote mliyoyarundika njiani, na juu chandarua kinakaa vizuri kuliko kwenye kitanda chochote cha dukani. Godoro nunua jipya, hilo bibi hatalikasirikia. Shuka za bibi kama zipo, zifue, zianike, zitumike. Na msumari mmoja atakuruhusu, wa kutundika picha ya bibi.

Wenzako waalike baada ya mwezi. Usiwaombe radhi mlangoni kwa ngazi wala kwa kuta. Wapokee, wavue viatu, wakae chini, walishe. Atakayeuliza choo kiko wapi mpeleke mwenyewe, asije akapotelea juu.

Na ile kamba iliyopandisha makochi, kama ni ya kuazima, mwambie mwenyewe utahitaji tena wiki hii.