Allidina Visram alikuwa nani? Maswali yenu na majibu

Nimesoma Allidina Visram pale Mombasa miaka minne na sikuwahi kuambiwa huyu bwana alikuwa nani. Ndiye aliyeijenga shule? (Msomaji, Mombasa)

Hakuijenga yeye. Allidina alikuwa Khoja, yaani wa jamii ya Waislamu wenye asili ya India, wa madhehebu ya Ismailia, mzaliwa wa kijiji cha Kera, Kutch, huko India. Alifika Zanzibar mwaka 1863, mtoto wa miaka 12 hivi, enzi ambazo majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi na kungoja kusi ili yarudi. Alifariki Mombasa mwaka 1916 kwa homa, baada ya safari ya Kongo. Mwanawe, Abdulrasul, ndiye aliyejenga shule kwa kumbukumbu ya baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923. Mwaka huohuo Abdulrasul naye akafariki. Kila nikipita pale humkumbuka zaidi huyo mwana, kwa sababu jina lililoandikwa getini si lake.

Wazee wetu husema Sewa Haji wa Bagamoyo alikuwa baba yake. Ni kweli? (Msomaji, Bagamoyo)

La. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wake, yaani mwajiri. Wote wawili ni Makhoja wenye asili ya Kutch, ila Sewa alizaliwa Zanzibar, mwaka 1851. Kijana Allidina alifundishwa kazi katika biashara yake ya misafara, kisha akajitegemea. Sewa alipofariki mwaka 1897, Allidina ndiye aliyeshika sehemu kubwa ya biashara ile. Naelewa wazee wanakotoa neno "baba": mtoto aliyevuka bahari akamkuta mtu wa kumfundisha kupima na kuandika daftari, hata kama ni wa rika lake, atamwitaje?

Hasa walikuwa wakiuza nini? (Msomaji, Tabora)

Kutoka pwani zilikwenda nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Kutoka bara zilikuja pembe za ndovu, nta, ngozi na mpira. Nguo ndiyo ilikuwa fedha ya njiani. Merikani, lile jora jeupe lisilotiwa rangi, lilipata jina lake Marekani lilikofumwa kwanza. Lilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne shuka, minane doti. Pembe nazo zilikwenda kwa frasila, kama kilo 16.

Kisha ikaja reli. Kazi ya kutandika njia kutoka Mombasa ilianza mwaka 1896, na vibarua zaidi ya 30,000 wakaletwa kutoka India. Watu hao walitaka mchele, dengu na samli. Allidina alipata kazi ya kuwapelekea chakula, na maduka yake yakaifuata reli: Mombasa, Nairobi, Kisumu, kisha Jinja na Kampala ng'ambo ya ziwa. Uganda ndiko alikokuwa mkubwa kweli. Aliingia kwenye pamba, akaweka kiwanda cha kuichambua, akawa na mashamba na vyombo vya ziwani. Vijana wengi wa Kihindi waliokuja kufungua maduka yao walianzia nyuma ya kaunta zake.

Mnawasifu matajiri hawa, lakini pembe zile zilibebwa na nani? (Msomaji, Kigoma)

Umeuliza panapouma, na nakushukuru. Zilibebwa na wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, mzigo wa frasila mbili hivi begani, mtu na mzigo wake, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, njia ya zaidi ya kilomita 1,200. Wapo waliokufa njiani kwa ndui, njaa na homa. Wengine walikuwa wakilipwa, wengine walikuwa watumwa wa watu. Majina ya matajiri tunayo. Ya wapagazi karibu yote yamepotea. Mimi sioni kuwa zawadi ya shule inalifuta hilo. Na sioni kuwa hilo linaifuta shule. Yote mawili yaandikwe kwenye ukurasa mmoja, na watoto wasome yote.

Mali yote ile ilikwenda wapi? (Msomaji, Kampala)

Ilizama haraka. Mzee alifariki katikati ya vita kuu ya kwanza, miaka ya baada ya vita ikawa ya hali ngumu, na mwana akamfuata baba baada ya miaka saba. Biashara iliyosimama juu ya kichwa cha mtu mmoja haikupata kichwa cha pili.

Sewa Haji naye aliacha nini? Jina lake nalisikia hospitalini tu. (Msomaji, Dar es Salaam)

Unalisikia mahali pake. Bagamoyo alijenga jumba la shule la ghorofa na kulitoa kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome humo. Hilo katika zama za Wajerumani! Dar es Salaam hospitali yenye jina lake ilifunguliwa mwaka 1897, mwaka aliofariki, na katika wosia wake akawakumbuka wagonjwa na wakoma. Hospitali ile ilitumika hadi miaka ya 1950, ilipojengwa mpya ambayo leo tunaiita Muhimbili, na jina likahamia wodini. Ndiyo maana saa za kuona wagonjwa utamsikia mama na kapu lake la uji akimuuliza mlinzi, "Mwanangu, Sewahaji ni njia gani?"