Mnaenda mbio za milima kwa mara ya kwanza na marafiki? Kubalianeni kwanza

Kuna dada kaniandikia meseji wiki hii, wako marafiki wanne wamejiandikisha mbio za kilomita 21 za milimani, hamna hata mmoja wao aliyewahi kukimbia mbio zenye milima, anauliza wafanye mazoezi gani ili wamalize wote pamoja. Nimeisoma nikairudia, maana sisi tumetoka kumaliza mbio za namna hiyo hiyo juzi tu, na hilo la kumaliza pamoja ndilo lililotutesa kuliko milima yenyewe. Nikaona nisimjibu peke yake, niandike hapa, najua mko wengi mnaotamani hiyo medali na mna grupu lenu la WhatsApp linalochemka saa hizi.

Mazoezi sitayaelezea sana, ni yale yale, kuamka alfajiri, kulala mapema, kutafuta kilima na kukipanda mpaka ukizoee. Shida ilianzia kwenye makubaliano. Kwenye grupu letu kila mtu aliandika tunaanza pamoja tunamaliza pamoja, na mioyo mingi chini yake. Mimi niliuliza mapema kabisa, sasa kwenye kupanda tunafanyaje, anayechoka tunamsubiri au tunamwacha? Nikajibiwa tutaona huko huko. Nikauliza tena wiki ya mbio, kimya, mtu akatuma picha ya raba zake mpya mazungumzo yakahamia huko.

Basi siku yenyewe filimbi imelia, njia inaanza na mteremko mrefu mzuri, watu wanashangilia, mwili mwepesi, wawili kati yetu wakachomoka. Niliwaita, mmoja akageuka akapunga mkono, wakapotea kwenye umati. Hata kilomita ya tatu hatujafika! Nikabaki na shosti wangu ambaye ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote, yule ambaye tulimshawishi ajiandikishe kwa kumwambia hatutamwacha.

Mlima wa kwanza ulikuwa mfupi tukaumaliza vizuri. Wa pili ndio ulikuwa mlima, unapanda kona, ukifika kwenye kona unaona unapanda tena. Nilimsikia pumzi zake zimebadilika, zile fupi fupi za juu juu, na mabega yamepanda mpaka karibu na masikio. Nikamwambia tutembee. Akakataa, akaniambia we nenda tu usiharibu muda wako kwa ajili yangu, na machozi yanamlengalenga. Nikamshika kiwiko nikamwambia weka mikono juu ya mapaja, inama kidogo, hatua fupi, angalia pale mbele mita chache usiangalie kileleni. Tukatembea hivyo, anasukuma paja kwa kiganja kila hatua, na unajua nini, waliokuwa wanakimbia pembeni yetu hawakutuacha hata kidogo, kwenye mwinuko mkali mtu anayetembea kwa nguvu na anayejikongoja kwa kukimbia wanakwenda spidi ile ile, tofauti ni kwamba yule anayekimbia anamaliza pumzi zake zote hapo.

Juu ya huo mlima tukamkuta mmoja wa wale wawili. Amekaa pembeni ya barabara, kavua kiatu, vigimbi vimekaza anavikanda na uso umekunjamana. Hatukumsema. Tulimpa maji, tukasubiri misuli ilegee, tukaenda naye polepole na tukamaliza watatu tumeshikana mikono, nina furaha na hiyo siku mpaka leo naiona medali yangu nasisimka. Ila yule wa nne, tulipofika alishapiga picha yake na medali na alishairusha mtandaoni, na maneno "kikosi kimefanya kazi". Kikosi gani? Nilipomuuliza akasema mbio ni mbio. Sawa, mbio ni mbio, lakini mtu aliyelia kwenye kona ya mlima anajiona mzigo kwa sababu wenzake wameyeyuka, huyo naye ni rafiki yako. Hili bado linaniuma na sioni sababu ya kuficha.

Kwa hiyo dada, kabla hata ya mazoezi, kaeni chini mseme. Mkitaka kumaliza pamoja maana yake mnakwenda kwa mwendo wa aliye polepole zaidi toka mita ya kwanza, na aliye na kasi akubali hilo kwa moyo mmoja, asije akanuna njiani. Kama kuna anayetaka muda mzuri aseme waziwazi, hamna dhambi, akimbie mbio zake na mkutane mwisho. Au gawaneni wawili wawili kwa uwezo. Kibaya ni kuahidi moja na kufanya lingine, narudia, kibaya ni hicho tu.

Alafu mlima wenyewe uheshimuni. Tambarare unaweza kukimbia kwa kuangalia saa, kwenye mlima saa inakudanganya, ukilazimisha kupanda kwa spidi ile ile ya tambarare unaungua. Unachotakiwa kukishika ni nguvu unayotumia, sio spidi. Kipimo rahisi ni kuongea: kama huwezi kumaliza sentensi moja fupi kwa mwenzio, umezidisha, punguza. Na hapa ndio raha ya kukimbia na marafiki, mnapimana kwa maneno. Polepole kwenye kupanda. Polepole.

Na msifikiri haya ni ya wanaoanza tu. Eliud Kipchoge, yule Mkenya, alikimbia marathoni ya Berlin Septemba 2022 kwa saa 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo, barabara tambarare. Aprili 2023 akaenda Boston, ambako milima ya Newton inaanza baada ya kilomita 25 hivi, na karibu na kilomita ya 30 kundi la mbele likamwacha, akamaliza wa 6 kwa 2:09:23, Evans Chebet akashinda kwa 2:05:54. Na ule mlima maarufu wa mwisho pale Boston, Heartbreak Hill, unapanda mita kama 27 tu! Kinachowamaliza watu ni kwamba unakuja wakati miguu imeshapigwa na mteremko wa kilomita nyingi za mwanzo. Mlima mdogo ukija kwa wakati mbaya ni mlima mkubwa.

Hapo ndipo wengi hawaelewi, wanaogopa kupanda wanashangilia kushuka. Kupanda kunamaliza pumzi, kushuka kunamaliza mapaja. Ukiteremka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku inajikaza, na ndiyo inayochanika vidogo vidogo. Msijiachie na msifunge breki kwa kisigino, pigeni hatua fupi za haraka, magoti yamelegea kidogo. Na mfanye mazoezi ya kushuka pia, sio kupanda tu, misuli ikishaonja mteremko mara moja mbili kabla ya siku yenyewe haiumii sana baadaye. Sisi tulikuwa tunapanda kilima tunashuka tunakimbia tena na tena, wale wenzetu walikuwa wanapanda alafu wanashuka wanatembea na kupiga stori.

Kucha za miguu zikateni siku chache kabla, na kamba za viatu zikazeni vizuri juu karibu na kifundo, la sivyo kwenye mteremko vidole vinagonga mbele ya kiatu mpaka kucha inageuka nyeusi. Raba mpya siku ya mbio hapana, hata iwe nzuri vipi. Maji kunyweni mkisikia kiu, msijilazimishe kila kituo, maji kupita kiasi nayo yanashusha chumvi ya damu na ni hatari kweli.

Baada ya mbio maumivu ya mapaja yanapanda siku ya pili yake na ya tatu, kushuka ngazi kutakuwa kazi kuliko kupanda, hiyo kawaida, tembeeni taratibu itaondoka. Ila maumivu ya sehemu moja, ya goti au mfupa, yanayozidi badala ya kupungua, hayo muone daktari na msishauriane kwenye grupu.

Shosti wangu ameshajiandikisha mbio nyingine na ameniambia safari hii yeye ndiye atakayeweka mwendo. Nimekubali. Wa nne bado hatujamwalika, tutamwalika akishatuambia kabla, kwa mdomo wake, anakuja kukimbia na sisi au anakuja kukimbia peke yake.