Kitambi kikitoka, chuma kinakuwa kizito: nilivyopunguza kilo 12 nguvu zikabaki

Mara ya kwanza nilipoamua kutoa kitambi nilifanya kama wengi wetu hapa Unguja. Niliacha wali, nikaacha boflo, asubuhi chai ya rangi, usiku ndizi mbili nikalala. Kila baada ya sala ya alfajiri mbio kutoka Michenzani hadi Mnazi Mmoja na kurudi. Wiki 5 zikaniondolea kilo 8. Furaha yangu ikaishia kwenye benchi: kilo 110 nilizozoea kuzisukuma mara tatu zilinilalia kifuani, mpaka mwenzangu akaja kuninyanyulia. Nikaamini misuli yote imekwenda. Nikarudi kula, na kitambi kikarudi chote.

Naandika kwa sababu kila baada ya muda namuona kijana jimu akipita njia hiyohiyo, na inaniuma.

Misuli yako imejiwekea akiba ya sukari, inaitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Ukikata wali ghafla, akiba inashuka kwa siku chache na maji yanafuata. Ndiyo maana mzani unashuka mbio wiki ya kwanza, na ndiyo maana unachoka mapema ukifika marudio ya nane au ya tisa. Misuli bado ipo. Ilichokosa ni chakula chake, na ukila kinarudi.

Halafu kuna suala la umbo, ambalo mimi hakuna aliyenieleza. Nyama na mafuta ya kifuani na mgongoni huifupisha safari ya chuma kwenye benchi. Yakipungua, chuma kinateremka zaidi kabla hakijagusa kifua, nawe unakisukuma kwa masafa marefu zaidi. Kwenye kuchuchumaa na chuma mabegani, tumbo kubwa linaujaza mkanda wa kiunoni, na ukifika chini linakutana na mapaja, unapata pa kuegemea. Egemeo hilo likiondoka utalijua siku hiyohiyo. Kuinua chuma kutoka sakafuni ni kinyume: tumbo dogo linakuacha uiname vizuri na mgongo ukae sawa. Kwa hiyo benchi ikishuka peke yake usiingiwe na hofu. Benchi, kuchuchumaa na kuinua zikiporomoka zote pamoja wiki baada ya wiki, hapo ndipo ujue unakula kidogo mno.

Mara ya pili nilianza na kilo 94 na nikajipa miezi 6. Nusu kilo kwa wiki, basi. Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori 7,700 hivi, kwa hiyo nusu kilo kwa wiki ni kupunguza kama kalori 550 kwa siku. Safari hii wali sikuupunguza sana. Nilichopunguza ni tui. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini 4, na sisi kasimile, lile tui zito la kwanza, tunaitia kwenye mchuzi, kwenye kisamvu, kwenye mihogo, kwenye kunde. Vyakula vya nazi nikaviwekea Ijumaa. Siku nyingine ilikuwa chukuchuku ya changu yenye ndimu na pilipili, dagaa, mayai, borohoa isiyo na nazi. Wanaonyanyua vyuma wanahitaji protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa kila kilo ya mwili. Mimi nilishika 150 kwa siku, na nakiri kwamba bila samaki nisingezifikia. Kama unatumia dawa za sukari, zungumza na daktari wako kabla ya kupunguza chakula.

Mazoezini, kosa ninaloliona zaidi ni mtu kushusha sahani za chuma na kupiga marudio thelathini "ili akate mafuta". Mafuta yanakatwa jikoni. Chuma kizito ndicho kinachoufanya mwili uendelee kuitunza misuli, kwa hiyo acha uzito ulivyo, punguza seti, yaani mafungu ya marudio. Nilikuwa nikipiga seti 5, nikabaki na 3, na siku 3 kwa wiki badala ya 5. Ukila kidogo, mwili unachelewa kurudisha nguvu baada ya mazoezi, na hapo ndipo watu wanapoumia mabega.

Ramadhani ilinikuta mwezi wa nne. Nilikuwa nafuturu kidogo, nasali tarawehe, ndipo naenda jimu, na daku naamka kuila hata usingizi ukinielemea, mayai na uji. Mwezi ule sikujaribu kuongeza hata kilo moja kwenye chuma.

Nilimaliza na kilo 82. Kuchuchumaa kulishuka kutoka 140 hadi 135, lakini pima kwa mwili: mwanzo nilibeba uzito wangu mara 1.49, sasa mara 1.65. Benchi ilitoka 105 ikawa 100. Kuinua kutoka chini kulipanda, 170 hadi 172.5. Kujivuta kwenye bomba nilikoweza mara 4 kukawa mara 11.

Kisha nikaongeza sahani moja ya wali kila mchana. Wiki moja tu mzani ukapanda kilo moja na nusu, kiuno cha suruali kikabaki vilevile. Jumatatu iliyofuata nikalala kwenye benchi, 105 ikapanda.