Fomu wani mnaoanza, tensi mnazo tayari ila hii "me" itawaponza

Wadogo zangu mnaoingia fomu wani, hasa nyie mliotoka Kayumba, shule za msingi za serikali, kama mimi, kaeni hapa kidogo. Mi nimemaliza la saba huku Kibosho Kingereza changu ni good morning teacher basi, nafika sekondari kila somo Kingereza isipokua Kiswahili chenyewe. Wiki ya kwanza madam kaniuliza kama nimeandika homuweki, nikasimama kwa kujiamini kabisa, "Yes madam, I did wrote". Darasa zima kicheko. Nikaambiwa kaa chini, kosa liko wapi sikuambiwa, na mkono sikunyoosha tena mpaka mwezi wa sita.

Kosa lenyewe dogo tu. Ile did ishabeba wakati uliopita, kwahiyo kitenzi kinabaki kitupu, did write, did go, did eat. Ni kama kwenye haisi, konda akishachukua nauli dereva hakudai tena.

Sasa sikia, tensi unazo mdomoni tangu utoto. Li ni simple past, ta ni will, hu ni simple present. Shida inaanza kwenye na, maana na yetu inafanya kazi mbili, jambo la siku zote na jambo linalotokea saa hii. Angalia mlima hapo nje. Kilimanjaro stands at 5,895 metres, simple present, kwasababu mlima hauna siku ya kukaa chini. Ila wingu likifunika Kibo saa hii unavyoangalia, clouds are covering Kibo. Na ukisema mawingu hufunika Kibo mchana, clouds cover Kibo. Ukikwama we jaribu kuweka hu, ikikaa vizuri usiweke ing. Ndo maana notisi za bios (bayolojia) zimejaa simple present, plants make their own food, hazitengenezi leo tu.

Haya, me, ile ya nimekula, sio me ya Kingereza. Hii ndo iliyonitesa hadi nimemaliza fomu foo. Ticha anakwambia me ni have au has, nimekula I have eaten, sawa, haina ubishi. Nikapata kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Moshi mjini, mgeni kashuka saa kumi na moja alfajiri anauliza dereva wake yuko wapi, nami nikajua naongea vizuri kabisa, "He has slept". Mgeni akaelewa kwamba jamaa keshalala usingizi umemtosha, akapanda juu kumgongea mlango! Dereva kafika usiku wa manane masikini. Nilitakiwa kusema he is sleeping. Yani me yetu saa nyingine inataja hali uliyonayo sasa hivi, na hapo have haiingii: nimechoka I am tired, amevaa koti he is wearing a coat, tumekaa we are sitting, nimeelewa I understand.

Na ukishataja muda uliopita, jana, juzi, mwaka, have inatoka yenyewe. Nimemuona jana kwa Kiswahili watu wanasema na maisha yanaendelea, kwa Kingereza ni I saw him yesterday. Tanganyika got its independence in 1961, usiandike has got, histori yote iko hivyo.

Ile orodha ya vitenzi nyuma ya dikshenari msiimeze kwa alfabeti, mi nilimeza mpaka herufi D nikachoka. Panga kwa sauti, sing sang sung na drink drank drunk pamoja, bought brought thought pamoja, cut na put hazibadiliki hizo ni zawadi. Nilikua nazisoma kimoyomoyo kwenye gari kutoka Kibosho hadi stendi, zikakaa.

Halafu s ya he na she, kama he eats, hiyo utasahau mara mia, jirudie tu. Ila he na she zenyewe sina dawa, sisi wote tunasema "a", mi mpaka leo nikiongea haraka mama yangu mzazi namuita he.